Wasomaji Wanauliza: Dawa za Kuacha Pombe Zinapokutana na Dawa Nyingine

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinazunguka jambo moja. Mtu ameanza dawa ya kumsaidia kuacha pombe, kisha anaugua kitu kingine, au alikuwa na ugonjwa mwingine tangu awali, na sasa hajui kama dawa zake zinapatana. Kabla hujasoma majibu, chukua kopo la dawa usome jina lake, kwa sababu hakuna "dawa ya pombe" moja. Zinazotumika zaidi ni tatu na kila moja ina njia yake.

Disulfiramu huzuia kimeng'enya kinachovunja asetaldehaidi, sumu inayotokea mwili unapomeng'enya pombe. Anayekunywa akiwa ameimeza hujaa sumu hiyo na kuugua papo hapo. Kwa bahati mbaya huzuia pia vimeng'enya vingine vya ini ambavyo dawa kadhaa huvitegemea, ndiyo maana ina ugomvi na dawa nyingi kuliko wenzake. Naltreksoni hukalia vipokezi vya opioidi (dawa za jamii ya mofini), yaani sehemu za ubongo ambazo dawa hizo hujishika, na kupunguza raha ya pombe na hamu ya kuendelea kunywa; ugomvi wake mkubwa ni na dawa za maumivu za jamii hiyo. Akamprosati haivunjwi na ini hata kidogo, hutoka kwa figo kama ilivyoingia. Naltreksoni na akamprosati ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, kwa hiyo tunatarajia kuulizwa zaidi kuzihusu.

Swali: Mume wangu yuko wiki ya sita akitumia disulfiramu miligramu 250 kila asubuhi. Juzi alikwenda kutibiwa tumbo akaandikiwa metronidazoli, mara tatu kwa siku kwa siku saba. Hakumwambia daktari kwamba yuko kwenye dawa ya pombe, aliona aibu. Najua metronidazoli haichanganywi na pombe, lakini yeye hanywi tena. Je, aimeze?

Jibu: Asiimeze, dada. Onyo unalolijua ni la metronidazoli na pombe. Hili la kwenu ni jingine na halihitaji hata tone la pombe: metronidazoli na disulfiramu zikikutana mwilini zinaweza kumvuruga mtu akili. Anachanganyikiwa, anashuku watu wake wa karibu, anasikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo. Si kila mtu humtokea, lakini hakuna namna ya kujua mapema nani atamtokea, na ndiyo sababu dawa hizi mbili hazitolewi pamoja.

Wengi hudhani suluhisho ni kuacha disulfiramu leo na kuanza metronidazoli kesho. Haisaidii. Kimeng'enya kilichozimwa na disulfiramu hakiwashwi tena. Mwili unapaswa kutengeneza kipya, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Kwa hiyo pengo linalotakiwa kati ya kidonge cha mwisho cha disulfiramu na cha kwanza cha metronidazoli ni wiki mbili. Maambukizi ya tumbo hayangoji muda huo.

Mrudisheni kwa aliyemwandikia, leo kama inawezekana, na sentensi moja inatosha: "Natumia disulfiramu." Daktari ataangalia ni vijidudu gani anavyotibu na kuchagua dawa ya jamii nyingine. Mkipewa tinidazoli badala yake, ikataeni pia na mwulize tena, maana ni ndugu wa metronidazoli na tahadhari ni ileile.

Kama ameshameza zote mbili kwa siku kadhaa, aache metronidazoli na mmwangalie. Mabadiliko ya akili yanaweza kuja taratibu. Hapa familia nyingi hukosea: mgonjwa anaanza kusema mambo yasiyoeleweka, na wote nyumbani wanaamini amerudia chupa. Wanamgombeza, wanamnyang'anya simu, na hakuna anayempeleka hospitali. Mkiona hali hiyo mpelekeni mara moja, na mbebe makopo yote mawili.

Swali: Nina kifafa tangu utotoni, natumia fenitoini na kwa mwaka mzima sijaanguka. Nimeamua kuacha pombe na nimeshauriwa disulfiramu. Je, kuna shida?

Jibu: Ipo, ndugu, tena ni kubwa kuliko inavyoelezwa kwa kawaida madirishani kwenye maduka ya dawa.

Fenitoini ina tabia yake. Ini huivunja kwa kasi yenye kikomo, na dozi ya kawaida ya kila siku inakaribia sana kikomo hicho. Disulfiramu ikipunguza uwezo wa ini hata kidogo, fenitoini haipandi kidogo kwenye damu, inaruka. Kiwango kinachotakiwa kwa watu wengi ni mikrogramu 10 hadi 20 kwa kila mililita ya damu. Kikivuka 20, macho huanza kuchezacheza mtu anapotazama pembeni. Kikikaribia 30 anayumba akitembea na ulimi unakuwa mzito. Kikifika karibu na 40 anasinzia na kupoteza mwelekeo. Utaona wazi kwamba kwa mtu anayejulikana kwa kunywa, dalili hizi ni sura ileile ya ulevi. Mgonjwa anaweza kufika kituo cha afya akiwa amesumishwa na dawa zake mwenyewe, akarudishwa nyumbani akalale mpaka pombe imtoke.

Kama daktari wako bado anaona disulfiramu ndiyo inayokufaa, kiwango cha fenitoini kipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, kipimwe tena siku chache baadaye, kisha tena na tena mpaka kitulie, na dozi ya fenitoini ipunguzwe kulingana na majibu. Usipunguze mwenyewe kwa kukisia. Siku utakapoacha disulfiramu mambo yanageuka: ini linapata nguvu yake tena kwa wiki mbili hadi tatu, fenitoini inashuka, na dozi iliyopunguzwa sasa haitoshi. Kifafa hurudi wakati huo, mtu akiwa tayari amesahau kwamba dozi iliguswa. Andika tarehe ya kupunguzwa na dozi ya zamani mahali utakapopaona.

Pale ambapo maabara haipimi kiwango cha fenitoini, msimamo wetu ni kwamba disulfiramu isianzishwe kabisa kwa mtu anayeitumia. Akamprosati haigusi ini wala fenitoini, na naltreksoni haipiti kwenye vimeng'enya vinavyovunja fenitoini. Muulize daktari wako kuhusu hizo kwanza.

Jambo jingine, na hili ni la haraka zaidi: usikatishe pombe ghafla peke yako. Kwa aliyezoea kunywa sana kila siku, degedege la kukata pombe hutokea mara nyingi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na wewe una kifafa tayari. Siku hizo za mwanzo zipite chini ya uangalizi.

Swali: Natumia naltreksoni miligramu 50 kila siku na imenisaidia sana. Mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa ngiri. Je, niache dawa? Naogopa hamu ya pombe itarudi.

Jibu: Hofu yako ina msingi, na bado jibu ni ndiyo, utaiacha kwa muda. Lakini siku ya kuiacha aipange daktari wa usingizi pamoja na anayekuandikia naltreksoni, na wote wawili wajue leo, si asubuhi ya upasuaji.

Kidonge cha miligramu 50 hufunga vipokezi vya opioidi kwa takribani saa 24. Watu wanaopewa miligramu 150 kwa mkupuo hufungwa hadi saa 72. Wakati huo mofini, pethidini, kodeini na fentanili hazifanyi kazi yake ya kutuliza maumivu. Kwa upasuaji uliopangwa, kawaida ya salama ni kumeza kidonge cha mwisho angalau saa 72 kabla. Kama ungekuwa kwenye ile sindano ya miligramu 380 ya kila mwezi, upasuaji ungepangwa wiki nne baada ya sindano ya mwisho.

Ngiri ina bahati moja: maumivu yake hutulizwa vizuri bila opioidi. Ganzi ya mgongo au ya eneo la mshono, kisha parasetamoli kwa saa maalumu badala ya kungoja maumivu, pamoja na ibuprofeni au diklofenaki kama tumbo na figo zako ni nzima. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Kwa aliyekunywa sana kwa miaka au mwenye ini lenye shida, madaktari wengi huishia gramu 2. Mpango huu ukifuatwa tangu mwanzo, huenda usihitaji opioidi hata moja, na utarudia naltreksoni mapema.

Ukipewa opioidi, hata kwa siku tatu, usirudie naltreksoni siku ya kutoka hospitali. Kwa opioidi za muda mfupi subiri siku 7 hadi 10 tangu dozi ya mwisho. Kwa kipindi hicho cha wazi mwombe daktari akupe akamprosati, kwa sababu haigombani na opioidi wala na dawa za usingizi.

Kuna hatari mbili ambazo tunaomba kila anayetumia naltreksoni azielewe. Ya kwanza ni kujaribu kuishinda dawa. Mtu ana maumivu, anameza tramadoli au kodeini, haoni nafuu, anaongeza, anaongeza tena. Naltreksoni ikianza kuachia, dozi yote iliyojazana inapata njia na pumzi inasimama. Ya pili huja baada ya kuacha naltreksoni: mwili umekuwa mwepesi kuguswa, na kiasi cha opioidi ambacho zamani mtu alikimudu sasa kinaweza kumuua.

Beba kadi mfukoni au kwenye pochi iliyoandikwa jina la dawa, dozi, na siku ya kidonge au sindano ya mwisho. Ukipata ajali huwezi kujieleza, na daktari anayeona mofini haifanyi kazi anahitaji kujua kwa nini kabla hajaongeza. Dharura ikitokea maumivu bado yanatibika, kwa ganzi au dawa zisizo opioidi, na ikibidi kutumia opioidi basi iwe mahali penye mtu wa kusimamia pumzi.

Swali: Mgongo unanisumbua, nimekuwa nikimeza tramadoli kila siku kwa muda mrefu, nanunua mwenyewe. Kliniki wanataka kunianzishia naltreksoni. Sijawaambia kuhusu tramadoli. Je, kipimo cha mkojo kitaonyesha?

Jibu: Huenda kisionyeshe, na hapo ndipo hatari ilipo. Vipimo vingi vya haraka vya mkojo hutafuta mofini na ndugu zake wa karibu. Tramadoli hupita bila kuonekana. Kliniki itaona kipimo safi, itakupa kidonge, na ndani ya saa moja hivi utaingia kwenye arosto kali: kutapika, kuharisha, jasho, tumbo kukatika, mapigo kwenda mbio, hofu isiyoelezeka. Arosto ya kuacha taratibu unaweza kuipunguza kwa kurudi kwenye dozi kidogo. Hii huwezi, kwa sababu vipokezi vimefungwa, na unaweza kuteseka kwa siku moja hadi mbili.

Waambie. Hakuna atakayekunyima matibabu ya pombe kwa sababu hiyo. Watakupunguzia tramadoli kwa hatua, kisha utakaa siku 7 hadi 10 bila opioidi yoyote kabla ya naltreksoni. Aliyetoka kwenye methadoni au buprenofini huhitaji hadi wiki mbili. Kukiwa na shaka, huchoma kwanza dozi ndogo ya naloksoni, dawa inayofunga vipokezi hivyohivyo lakini athari yake hupita upesi, waone kama arosto inajitokeza.

Usiiache tramadoli ghafla nayo, wala usiiongeze siku unazopunguza pombe, kwani yenyewe hushusha kizingiti cha degedege. Na ukishaanza naltreksoni, soma lebo ya dawa ya kikohozi kutafuta kodeini, na dawa ya kuzuia kuharisha kutafuta loperamidi, ambayo huenda isifanye kazi ipasavyo.

Swali: Mwanangu ni mtu mzima na pombe inamwangamiza. Hataki kusikia habari ya dawa. Nimepata disulfiramu. Je, naweza kuiponda na kumtilia kwenye chakula bila yeye kujua?

Jibu: Mama, tunajua barua hii imetoka kwenye uchungu. Lakini usifanye hivyo, hata mara moja.

Disulfiramu haizimi tamaa ya pombe. Kazi yake inategemea mtu kujua ameimeza na kwa hiyo kujizuia. Asiyejua atakunywa kama kawaida, na ndani ya dakika 10 hadi 30 uso utawaka, kichwa kitapasuka kwa maumivu, moyo utaenda mbio, atatapika, pumzi itakuwa nzito na shinikizo la damu litashuka. Kwa kiasi kikubwa cha pombe au kwa moyo wenye kasoro, mapigo yanaweza kuvurugika, akaanguka degedege, akafa. Atakayemhudumia hatajua anatibu nini, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui. Maelekezo ya dawa hii yanasema waziwazi isitolewe kwa mtu aliyelewa wala kwa mtu asiyejua, na angalau saa 12 zipite tangu kinywaji cha mwisho. Kliniki nyingi husubiri saa 24.

Kama tayari umeshamtilia, mwambie leo, ukiwepo mtu anayemsikiliza. Asinywe kwa siku 14 tangu dozi ya mwisho. Akinywa na dalili zikaanza, mlaze, inua miguu, mpeleke hospitali na utaje jina la dawa.

Anayeikataa disulfiramu si lazima akatae zote. Naltreksoni inaweza kuanzishwa mtu akiwa bado anakunywa, haimfanyi augue akinywa, na wengi wanaoogopa kuacha ghafla huikubali kama njia ya kupunguza. Mpelekee habari hiyo.

Kwa wale wanaotumia disulfiramu kwa hiari yao, tuongeze kuhusu pombe iliyojificha, kwa kuwa tumeulizwa na wasomaji wengine watatu. Dawa za maji za kikohozi na mafua, maji ya kusukutua mdomo na dawa za mitishamba zilizolowekwa kwenye spiriti zote zinaweza kuwa na pombe. Soma lebo, tafuta neno ethanoli. Kuna dawa moja ambayo hata wahudumu huisahau: lopinaviri na ritonaviri ya maji, ile ya virusi vya ukimwi, ina pombe karibu asilimia 42. Vidonge vyake havina. Manukato ya baada ya kunyoa na dawa ya kutakasa mikono huwaletea baadhi ya watu wekundu na kichwa kuuma, hasa wakijipaka sehemu kubwa au wakivuta mvuke kwenye chumba kisicho na hewa. Kwa mikono, sabuni na maji vinatosha.

Swali: Niko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Muuguzi amenionya kuhusu pombe na ini. Je, kuna dawa ya kuacha pombe ninayoweza kutumia sasa hivi, au ningoje nimalize?

Jibu: Usingoje. Matibabu yako ya kawaida ni ya miezi sita, na kila wiki ya kunywa inaongeza mzigo kwa ini ambalo tayari linabeba aisoniazidi, rifampisini na, kwa miezi miwili ya mwanzo, pirazinamidi.

Disulfiramu weka kando. Pamoja na aisoniazidi inaweza kuleta kuyumba na mabadiliko makubwa ya tabia, na ikitokea hivyo disulfiramu husitishwa. Zaidi ya hapo, yenyewe huweza kuchoma ini, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa ya matumizi yasiyo na shida, na macho yakigeuka njano daktari hatajua ailaumu ipi kati ya dawa hizo zote.

Akamprosati ndiyo ya kwanza kuuliza, mradi figo zako ni nzima. Naltreksoni inawezekana kama vipimo vya ini viko sawa, lakini haipewi mwenye homa kali ya ini au ini lililoshindwa kazi, na vipimo vitarudiwa. Mwombe muuguzi akuandikie pia piridoksini (vitamini B6) kama hujapewa: aisoniazidi humaliza vitamini hiyo, pombe nayo huipunguza, na ganzi ya miguu inayofuata huchukua muda mrefu kupona.

Swali: Nina miaka 61, kisukari, shinikizo la damu, na magoti yanayouma. Nameza aina nane za dawa. Nimeandikiwa akamprosati vidonge sita kwa siku. Sivyo vingi mno? Na je, vinagombana na hizo nane?

Jibu: Mzee wetu, idadi hiyo ni sahihi: vidonge viwili vya miligramu 333 asubuhi, mchana na jioni. Kwa walio chini ya kilo 60, nchi nyingi za Ulaya hutoa vinne kwa siku, viwili asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni. Vimeze vizima, usivisage, kwa sababu vina ganda linalovilinda na asidi ya tumbo.

Na dawa za kisukari au za shinikizo akamprosati haina neno. Hata ukiiunganisha na naltreksoni, kiwango chake hupanda kidogo tu na dozi haibadilishwi. Swali lako la kweli ni la figo. Kisukari na shinikizo huzichosha polepole bila dalili, na dawa isiyo na mlango mwingine wa kutokea itarundikana. Kabla ya kuanza, pimwa kreatinini na daktari akokotoe kasi ya figo kuchuja. Ikiwa kati ya mililita 30 na 50 kwa dakika, dozi ni kidonge kimoja mara tatu. Ikiwa chini ya 30, akamprosati haitumiki.

Hayo magoti sasa. Diklofenaki au ibuprofeni ya kila siku hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hasa pamoja na dawa za kukojoza na zile za shinikizo ambazo majina yake huishia na "-prili" au "-sartani". Hazigusi akamprosati moja kwa moja, zinaharibu mlango wake. Zungumza na daktari kuhusu parasetamoli au jeli ya kupaka. Ukiharisha, jambo ambalo akamprosati huleta mara nyingi wiki za mwanzo, kunywa maji ya kutosha. Kuharisha kukiendelea kwa siku kadhaa, piga simu kliniki kabla ya kumeza zaidi.

Na ikitokea umeteleza ukanywa, usiache vidonge. Havikudhuru kwa sababu ya pombe hiyo.

Swali: Nilipewa diazepamu ya kunisaidia siku za kwanza za kuacha. Imebaki nusu ya karatasi. Sasa naanza disulfiramu, na usiku silali. Je, nimeze moja moja?

Jibu: Hapana. Disulfiramu hupunguza kasi ya ini kuivunja diazepamu, na vilevile klodiazepoksidi, kwa hiyo kidonge cha jana bado kipo unapomeza cha leo. Asubuhi unaamka mzito, unayumba, na kumbukumbu inapotea. Lorazepamu na oksazepamu huondolewa kwa njia nyingine na haziguswi sana, ila hata hizo ni za siku chache chini ya daktari. Mabaki yarudishe kwenye duka la dawa. Diazepamu iliyokaa kabatini kwa mtu anayeacha pombe ina hatari yake: siku atakapoteleza ataichanganya na pombe, au na tramadoli, na mchanganyiko huo huzima pumzi usingizini.

Usingizi mbovu wiki za mwanzo ni wa kawaida na huboreka taratibu. Mwulize daktari wako kama umepewa thiamini (vitamini B1) ya kutosha, jambo ambalo husahaulika mara nyingi kuliko dawa za usingizi.

Swali: Natumia warfarini kwa sababu ya valvu ya moyo. Disulfiramu?

Jibu: Kwa mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo disulfiramu haitolewi, kwa hiyo anza na daktari wako wa moyo. Hata kwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu nyingine, disulfiramu huinua kiwango cha INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) na kuleta hatari ya kutoka damu. INR hupimwa ndani ya wiki ya kwanza, kisha mara kwa mara, na tena disulfiramu inapoachwa. Fizi kutoka damu, mkojo mwekundu au choo cheusi ni vya hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Daktari amenianzishia topirameti kwa ajili ya pombe kwa sababu dawa za kawaida hazikunifaa. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Rafiki yangu anasema haviendi pamoja.

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi, na tunashukuru amekuambia. Topirameti huongeza kasi ya mwili kuondoa homoni za uzazi wa mpango, hasa dozi ikipita miligramu 200 kwa siku. Kwa pombe dozi huanza miligramu 25 na kupandishwa kila wiki, kwa hiyo inaweza kuvuka 200 bila mtu kukumbuka vidonge vya uzazi. Mimba ikiingia, topirameti huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mdomo sungura. Kipandikizi cha mkononi nacho kinaweza kupungua nguvu. Kitanzi, au sindano ya miezi mitatu, haziathiriwi. Badili kabla dozi haijapanda, na mpaka hapo tumia kondomu pamoja na vidonge. Kunywa maji mengi, maana dawa hii huweza kuleta mawe ya figo, na usiikatishe ghafla.